Nani Aliyeuliza Swali: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Wananchi Wake

Tarehe 25 Oktoba 1961, wiki sita kabla ya bendera ya Uingereza kushushwa, chuo kikuu cha kwanza cha Tanganyika kilianza masomo katika jengo la chama cha TANU, kwenye mtaa ambao leo tunauita Lumumba, jijini Dar es Salaam. Wanafunzi hawakufika 20. Kitivo kilikuwa kimoja tu, cha sheria, na chuo chenyewe kilikuwa chini ya Chuo Kikuu cha London. Hivyo tangu siku ya kwanza chuo hicho kilikuwa na wadai watatu. Wa kwanza walikuwa chama na serikali iliyokuwa mbioni kuundwa, waliokipa paa. Wa pili ulikuwa ulimwengu wa wasomi, uliokipa mitaala na shahada. Wa tatu alikuwa mkulima wa pamba, kahawa na korosho, ambaye jasho lake ndilo lingebeba sehemu kubwa ya gharama. Wadai wawili wa kwanza walikuwa na ofisi, barua na mihuri ya kudaia chao. Wa tatu hakuwa hata na mahali pa kuuliza fedha yake inafanya kazi gani. Historia ya chuo hiki imesimuliwa mara nyingi kama mvutano wa wale wawili, dola ikivutia kwake na wasomi wakivutia kwao. Hapa naisimulia kwa kumfuata yule wa tatu, kwa sababu ukimfuata yeye unaliona jambo ambalo mvutano ule hulifunika: chuo kilijenga uraia hai, ndani yake na vijijini, katika nyakati zile ambapo mwananchi alipewa nafasi ya kushiriki kuuliza swali. Kumtaja tu kwamba ndiye anayetumikiwa hakukutosha.

Deni lenyewe halikufichwa. Katika miaka ya mwanzo ya uhuru Mwalimu Julius Nyerere alilieleza kwa mfano wa kijiji chenye njaa kinachompa mtu mmoja chakula chote kilichosalia ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wenzake. Mtu huyo akila kisha asirudi, ni msaliti. Mfano huo ulikuwa wa haki, na nchi iliyokuwa na mawakili Waafrika wa kuhesabika kwa vidole ilikuwa na kila sababu ya kuukumbuka. Lakini tuutazame vizuri. Ndani ya mfano, kijiji ndicho kinachotoa na kijiji ndicho kinachopokea. Katika maisha halisi aliyesimama mlangoni kulipokea deni alikuwa serikali. Tofauti hiyo ilionekana kuwa ndogo mwaka 1964, chuo kilipohamia kilimani, mahali ambapo mpaka leo watu wanapaita Mlimani. Baada ya miaka miwili tu haikuwa ndogo tena.

Mwaka 1966 serikali ilitangaza kwamba wahitimu wa kidato cha sita na wa vyuo watalitumikia Jeshi la Kujenga Taifa kwa miaka 2, kipindi kimoja kambini na kingine kazini, na katika muda wa kazini watakatwa sehemu kubwa ya mshahara. Wanafunzi waliona wameonewa. Tarehe 22 Oktoba waliandamana hadi Ikulu, na bango mojawapo lilidai kwamba enzi za ukoloni zilikuwa afadhali. Nyerere aliwasikiliza, akaghadhibika, akaamuru karibu vijana 400 warudi makwao, walio wengi wakiwa wa chuo kikuu. Papo hapo akatangaza kuukata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Haikupita miezi minne likaja Azimio la Arusha lililotangaza ujamaa, na Machi 1967 kikatoka kijitabu cha Elimu ya Kujitegemea. Mwezi huohuo chuo kikaitisha mkutano wa kujadili nafasi yake katika Tanzania ya kijamaa. Siwatetei waandamanaji wale. Kijana aliyesomeshwa bure na watu wasio na viatu, halafu akalilia sehemu ya mshahara ambao hajaanza kuupokea, alistahili kukemewa, na rais aliyeanza kwa kujikata mwenyewe alikuwa na mamlaka ya kukemea. Hata hivyo, katika ugomvi wote huo mkulima hakuulizwa neno. Serikali ilisema kwa niaba yake, wanafunzi wakajisemea wenyewe, na vijana waliporejeshwa darasani mwaka uliofuata walikuwa wamejifunza kwamba deni kwa mwananchi ni jambo linaloamuliwa Ikulu.

Kizazi kilichofuata hapo Mlimani kilikuwa cha aina nyingine kabisa. Mwaka 1967 wanafunzi wa nchi mbalimbali za Afrika waliunda chama cha mapinduzi kilichojulikana kwa kifupi kama USARF, mwenyekiti wake akiwa Yoweri Museveni. Mwaka 1969 wakaanzisha jarida la Cheche. Walter Rodney, mwanahistoria kutoka Guyana, alifundisha hapo mwaka 1966 na 1967, akarudi tena kuanzia 1969 hadi 1974, na kitabu chake kuhusu namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika kilitoka mwaka 1972 akiwa hapohapo. Vijana wa Cheche waliendesha madarasa ya Jumapili, wakadai mitaala ibadilishwe, na Issa Shivji, akiwa bado kijana sana, akaandika ndani ya jarida hilo uchambuzi uliouliza kama ujamaa wa Tanzania ulikuwa ukiwakomboa wafanyakazi na wakulima, au ulikuwa ukilea tabaka jipya la watawala. Huo ulikuwa uraia hai kwa maana kamili: watu wanaoihoji dola kwa kutumia ahadi za dola yenyewe. Nao ulikuwa na upungufu ambao wengi wa waliousifu hawaugusi. Maswali yaliulizwa kilimani, kwa Kiingereza, juu ya wananchi. Mkulima alikuwa kiini cha hoja, na hoja hiyo hakuweza kuisoma.

Dola haikuvumilia hata kiasi hicho. Novemba 1970, miezi michache baada ya chuo kuwa Chuo Kikuu kamili cha Dar es Salaam, USARF na Cheche vilipigwa marufuku. Julai 1971 kiongozi wa wanafunzi, Symonds Akivaga, Mkenya, alikamatwa chuoni na askari wenye silaha baada ya kumwandikia mkuu wa chuo barua ya wazi, akarudishwa kwao. Mwaka huohuo TANU ilikuwa imetoa Mwongozo uliowahimiza wananchi kuwakataa viongozi wenye kiburi na ubabe. Wafanyakazi wa viwandani waliuchukua Mwongozo huo kwa uzito wake na wakautumia dhidi ya mameneja, na wanafunzi walifanya vivyo hivyo dhidi ya utawala wa chuo. Majibu waliyopata yalionyesha mpaka ulipo. Nayasema haya kwa sababu wapo wanaodhani ushirikiano wa chuo na jamii ni jambo la nje, la kupeleka magari vijijini, lisilohusiana na uhuru wa ndani ya chuo. Kijana anayefukuzwa kwa kuandika barua hawezi kwenda Kwimba au Bagamoyo kumfundisha mwenzake jinsi ya kumhoji mwenyekiti wa kijiji.

Kilele cha njia ya amri kilikuwa Azimio la Musoma la Novemba 1974. Tangu hapo aliyetaka kuingia chuo kikuu alipaswa kwanza kupitia Jeshi la Kujenga Taifa, afanye kazi kwa miaka isiyopungua 2, kisha apate mapendekezo ya mwajiri na ya tawi la chama. Hapa kuna pingamizi zito la kujibu. Watetezi wa Musoma husema kwamba bila lazima msomi hashuki mlimani, na kwamba upole haujawahi kuvunja majivuno ya tabaka. Nakiri kwamba wana sehemu ya ukweli. Madarasa ya baada ya 1974 yalipokea walimu, makarani, mabwana shamba na wauguzi waliojua mshahara ni nini na foleni ya hospitali ni nini, na mhadhiri aliyesema jambo la kubuni kuhusu maisha ya kazini alisahihishwa hapohapo. Lakini utaratibu ule uliwaangukia wanawake vibaya zaidi. Umri wa kuolewa na kuzaa uliingiliana na miaka ya kusubiri, idadi yao chuoni ikashuka, na kufikia 1976 ikabidi wasamehewe sharti hilo. Jambo jingine ni mapendekezo ya tawi. Aliyetaka kusoma alijifunza mapema kwamba salama yake iko katika kutomuudhi katibu wa chama mahali pa kazi. Sera iliyokusudiwa kumfunga msomi kwa mwananchi ikamfunga kwa ofisa, na katika miaka ya 1980 sharti hilo lililegezwa, kisha likaachwa. Machi 1978, wanafunzi walipoandamana kupinga nyongeza ya marupurupu ya wabunge na viongozi, madai ambayo mkulima yeyote angeyaunga mkono, zaidi ya 300 walifukuzwa kabla ya kusamehewa baadaye. Walikuwa tunda la Musoma, watu wazima waliokwisha kulitumikia taifa, na bado walitendewa kama watoto watundu.

Wakati mivutano hiyo ikijaza kurasa za magazeti, kulikuwa na mkondo mwingine uliotiririka kimya, nao ndio ninaotaka kukaa nao zaidi. Chanzo chake kimoja kilikuwa Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, ambayo hadi 1975 ilikuwa sehemu ya chuo kikuu. Mwaka 1967 karibu theluthi mbili ya watu wazima nchini hawakujua kusoma na kuandika, na taasisi hiyo ilijaribu kuwafikia kwa redio, vitabu vyepesi na vikundi vya kusoma. Kampeni iliyovuma kuliko zote ilikuwa Mtu ni Afya ya mwaka 1973: watu wapatao milioni 2 katika vikundi karibu 75,000 walikusanyika kwa wiki kadhaa kusikiliza redio, kusoma kwa sauti, kujadili, kisha kuamua kazi ya kufanya pamoja. Walichimba vyoo, wakafyeka nyasi, wakafukia madimbwi, wakalinda visima. Ukubwa wa jambo hilo unastahili heshima. Lakini nikilipima kwa kipimo changu, Mtu ni Afya ilifika nusu ya njia. Swali lilikuwa limekwisha kuandikwa Dar es Salaam kabla kikundi hakijakaa chini ya mwembe. Wanakijiji waliamua wachimbe wapi, ila hawakuulizwa kama choo ndicho walichokihitaji kwanza. Kilichobaki cha thamani kubwa, pengine kuliko vyoo vyenyewe, ni ile desturi ya majirani kukaa, kusoma maneno yaleyale, na kubishana juu yake.

Watu wa taasisi hiyohiyo waliuona upungufu huo. Budd Hall, aliyekuwa akisimamia utafiti hapo, alieleza baadaye jinsi madodoso ya kitaalamu yalivyompa habari chache kuliko mazungumzo ya jioni na wanakijiji kilabuni. Paulo Freire, mwalimu wa Brazil aliyekuwa uhamishoni, alifika Dar es Salaam mwaka 1971 na kuzungumza na watafiti juu ya utafiti unaowafanya watu kuwa wenye kuuliza badala ya kuwa vitu vya kuulizwa. Marja-Liisa Swantz, Mfini aliyekuwa ameishi na Wazaramo wa Bunju katika miaka ya 1960, aliingia katika kitengo cha utafiti wa ardhi na mipango cha chuo kikuu, na akawapeleka wanafunzi wa kike vijijini wakachunguze hali ya wanawake kwa kukaa na kufanya kazi pamoja nao. Kati ya 1975 na 1979 alikuwa mmoja wa viongozi wa mradi wa Jipemoyo, magharibi mwa Bagamoyo, uliofanywa na wizara ya utamaduni pamoja na taasisi ya sayansi ya Ufini. Watafiti waliishi vijijini, wakajadili matokeo na wenyeji kabla ya kuyachapisha, na migogoro ya wakulima na wafugaji wa Kiparakuyo, ambayo mpaka leo haijaisha katika nchi hii, ilijadiliwa na wahusika wakiwa wamekaa meza moja. Njia hiyo ilipata jina lake, utafiti shirikishi, na kutoka Dar es Salaam ikasambaa hadi India, Amerika ya Kusini na Kanada.

Mfano mdogo kuliko yote ndio unaonishawishi kuliko yote. Katika kijiji cha Bwakira Chini, mkoani Morogoro, mwaka 1976 na 1977, tatizo lilikuwa nafaka kuharibika baada ya mavuno. Jawabu rahisi la kitaalamu lingekuwa kuleta maghala ya saruji au ya bati yaliyokwisha kubuniwa mahali pengine. Badala yake kikundi cha watafiti kilikaa kijijini kwa wiki kadhaa, wanakijiji wakachagua kamati, na pande zote mbili zikapitia aina za maghala yaliyokuwapo, moja baada ya nyingine, zikieleza kila moja inashindwa wapi na kwa nini. Kilichojengwa kilikuwa ghala la asili lililorekebishwa, la vifaa vinavyopatikana hapohapo, ambalo fundi wa kijiji angeweza kulijenga tena bila kumngoja mtu. Hakuna aliyepata umaarufu kwa ghala la Bwakira Chini. Lakini hapo elimu ya wataalamu na elimu ya mkulima zilikutana kwa heshima sawa, na swali, lile la kwanza kabisa la nini kinaharibu mahindi yetu, lilikuwa la mwenye mahindi.

Miaka michache baadaye sanaa za maonyesho zilichukua njia hiyohiyo. Penina Muhando Mlama, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda Malya, Kwimba, mwaka 1982 na 1983, na baadaye Mlama na wenzake wakafanya kazi kama hiyo Msoga katika wilaya ya Bagamoyo. Hawakubeba tamthilia mkobani. Walikaa, wakasikiliza kero za watu, wakawaacha wenyeji wachague zipi zichezwe, na michezo ikajengwa kwa ngoma, nyimbo na majigambo ambayo kijiji kilikuwa nayo tayari. Malya walijitokeza vijana wasio na kazi na wasichana wa shule waliokatizwa masomo kwa mimba. Baada ya kila onyesho mjadala ulifunguliwa, na jambo ambalo kijana au mwanamke asingelitamka kwenye mkutano wa hadhara mbele ya viongozi lilikuwa limekwisha kusemwa uwanjani, limevaa vazi la mhusika. Katika mfumo wa chama kimoja, ambapo mkutano wa kijiji mara nyingi ulikuwa wa kupokea maagizo, hilo halikuwa jambo dogo.

Mwanataaluma mwenye msimamo mkali atapinga hapa. Atasema kazi ya chuo kikuu ni kutafuta ukweli, na kwamba profesa anayebuni ghala au kupiga ngoma Malya anafanya kazi ya bwana shamba au bwana maendeleo, tena kwa gharama kubwa. Pingamizi hilo lingekuwa na nguvu kama safari hizo zingetuachia huduma tu bila maarifa. Mambo yalikuwa kinyume. Katika mambo ambayo Dar es Salaam ya miaka ile iliupa ulimwengu wa taaluma, utafiti shirikishi ni miongoni mwa yale yanayoendelea kutajwa na kutumika mbali kabisa na Afrika Mashariki, na kitabu cha Mlama cha 1991 kuhusu sanaa na maendeleo kilitokana moja kwa moja na vijiji hivyo. Mwanakijiji anayeweza kumkatiza mtafiti na kumwambia kwamba amekosea ni kipimo kikali cha ukweli kuliko wasomi wawili wanaopitia makala bila kujuana. Shaka yangu ni nyingine, na nadhani ni nzito zaidi: fedha. Ufini na Sweden, zilizofadhili baadhi ya kazi hizi, zilikuwa na nia njema, lakini mwenye kugharimia husikilizwa, na mradi wa miaka minne huisha mwaka wa nne hata kama kijiji ndiyo kwanza kimeanza kuzungumza. Sehemu kubwa ya kazi nzuri niliyoitaja ilikatika kwa namna hiyo.

Hatari ya pili ilikuwa ya kisiasa, na mfano wake ulio wazi kabisa uko Kenya. Mwaka 1976 wakazi wa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, walikifufua kituo chao cha elimu na utamaduni kwa msaada wa walimu wa Chuo Kikuu cha Nairobi, akiwamo Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Wakulima na vibarua walijifunza kusoma, wakajenga ukumbi wa wazi kwa mikono yao, wakaisahihisha lugha ya tamthilia ya Kikuyu iliyoandikwa kwa ajili yao, wakaicheza wenyewe kuanzia Oktoba 1977. Baada ya wiki chache kibali kilifutwa, na tarehe 31 Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini kwa karibu mwaka mzima. Alipotoka hakurudishiwa kazi yake, na mwaka 1982 ukumbi ukabomolewa. Tamthilia zake za Kiingereza zilizoikosoa jamii zilikuwa zimevumiliwa kwa miaka mingi. Kilichomfikisha gerezani ni kukaa na wanakijiji hadi swali likawa lao. Watawala walitambua vizuri zaidi ya wakuu wengi wa vyuo ni aina gani ya kazi ya chuo kikuu inayobadilisha mambo.

Tanzania ya miaka ya 1980 haikuhitaji kubomoa ukumbi wowote, kwa maana umaskini ulifanya kazi hiyo. Mishahara ya wahadhiri iliporomoka, maktaba ikakauka, na wengi wakaishi kwa ushauri wa kulipwa kutoka kwa mashirika ya wafadhili. Ripoti za ushauri huo huandikwa kwa aliyezilipia na hukaa kwake. Mwaka 1990 chuo kilifungwa kwa miezi kadhaa kwa sababu ya mgomo wa wanafunzi, na baada ya hapo ikaja zamu ya kuchangia gharama za masomo. Na hata hivyo ni katika kipindi hichohicho kigumu ambapo kitivo kilekile kilichoanzia kwenye jengo la TANU kilifanya kazi ninayoiona kuwa kubwa kuliko zote katika historia hii.

Kitivo cha sheria kilikuwa kimeendesha kamati ya msaada wa sheria kwa miaka mingi, walimu na wanafunzi wakiwashauri bure watu wasioweza kumlipa wakili: mjane aliyenyang'anywa nyumba, mpangaji aliyetupiwa vyombo nje, mfanyakazi aliyeachishwa bila haki zake. Mafaili hayo yaliwafundisha wanasheria wa Mlimani kwamba chini ya kesi nyingi kuna ardhi. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ilikuwa imehamisha mamilioni ya watu bila kueleza kisheria nini kilitokea kwa haki zao za zamani, na soko huria lilipofunguliwa, wenye kumbukumbu ndefu walianza kudai na wenye fedha walianza kununua. Januari 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda Tume ya Kuchunguza Masuala ya Ardhi, mwenyekiti wake akiwa Issa Shivji, yuleyule wa Cheche, sasa profesa wa sheria. Tume ilizunguka mikoa yote ya Tanzania Bara. Ilifanya mikutano ya hadhara zaidi ya 200, ikasikiliza maelfu ya wananchi kwa Kiswahili, ikapokea malalamiko kwa mdomo na kwa maandishi, na Novemba 1992 ikakabidhi ripoti yake. Shivji wa 1970 alikuwa ameandika juu ya wakulima. Shivji wa 1992 aliandika alichoambiwa na wakulima, na ukiziweka kazi hizo mbili pamoja unaona umbali ambao taaluma ilikuwa imetembea.

Hoja kuu ya tume ilikuwa nzito: mamlaka ya mwisho juu ya ardhi yaondolewe mikononi mwa serikali kuu, na ardhi ya vijiji iwe mali ya mikutano mikuu ya vijiji yenyewe. Serikali ilikataa. Sera ya ardhi ya 1995 na sheria mbili za 1999, ya Ardhi na ya Ardhi ya Vijiji, zilibakiza ardhi yote mikononi mwa rais kama mdhamini kwa niaba ya wananchi. Mtu anaweza kusema basi, kazi yote ilikuwa bure: wasomi walisikiliza, wananchi walisema, dola ikafanya iliyopenda. Sikubaliani. Kwanza, mjadala haukufa na ripoti. Mwaka 1994 Shivji na wenzake walianzisha taasisi ya HAKIARDHI ili kuendelea kutafiti na kuelimisha vijijini, na vikundi vya wanawake, vingine vikiwa vimeasisiwa na wahadhiri wa Mlimani kama Marjorie Mbilinyi na Ruth Meena, vikaungana kudai haki ya mwanamke kumiliki ardhi itamkwe wazi. Ikatamkwa. Pili, sheria ya vijiji ilibeba vipande vya kile kilichosikika mikutanoni. Eneo la kijiji lisilozidi hekta 250 haliwezi kuhamishwa bila mkutano mkuu wa kijiji kuridhia, na baraza la ardhi la kijiji lina wajumbe 7, kati yao wanawake wasiopungua 3. Vipande hivyo havitoshi, na zaidi ya hekta 250 neno la mwisho ni la waziri. Lakini mwanakijiji anayesimama leo kumuuliza mwenyekiti kwa nini mkutano mkuu haukuitishwa ana kifungu cha sheria mkononi, na kifungu hicho kina historia inayopitia mkutano ambao huenda baba yake alihudhuria.

Kuna jambo moja ambalo miaka yote hii haikulitatua. Mahakama za mwanzo zimeendesha mashauri kwa Kiswahili wakati wote, na huko ndiko wananchi wengi wanakokutana na sheria. Mwaka 2021 Bunge lilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama zote. Vitivo vyetu vya sheria vinaendelea kufundisha kwa Kiingereza. Mwanafunzi wa mwaka wa nne anayetumwa kumshauri mama wa Kisarawe aliyeporwa shamba inambidi agundue peke yake, akiwa njiani, namna ya kumweleza kile alichofundishwa, na mama huyo akisema kwamba sheria yenyewe imekosea, hakuna njia ya swali lake kurudi darasani. Taasisi ya Kiswahili iko hapohapo Mlimani na imetunga istilahi kwa miongo mingi. Walimu wa sheria wanaozungumza Kiswahili fasaha wapo wa kutosha. Kamati za msaada wa sheria zina mafaili ya miaka zaidi ya 40 yaliyojaa maswali ya wananchi, yaliyoulizwa kwa maneno yao, na mtaala wa sheria ya ardhi unaweza kuanza kuandikwa upya kutoka humo muhula ujao.